Mbuzi wa nyumbani Lamu mjini: funga umio kabla hujamtundika

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo paa na swara wa upande wa Witu si wa kisu chako. Mnyama anayepasuliwa mjini ni mbuzi: wa Idi, wa akika, wa nadhiri. Anavushwa kwa boti kutoka Mokowe upande wa bara, anapandishwa gatini, anaburutwa vichochoroni akipishana na punda, hadi kiwandani, yaani uani mwa nyumba ya mawe, mahali ambapo mikeka minne ikitandikwa imejaa. Wachinjaji hodari tunao. Nyama huharibika baada ya kuchinja, kwa mambo matatu: uchafu wa tumboni, joto, na kutojua vya kutupwa vitakwenda wapi.

Nyama ya kuuza haina mjadala, lazima ikaguliwe na ipigwe muhuri. Hapa tunazungumzia mbuzi wa kula nyumbani na kugawa. Hata huyo, afisa wa mifugo akipatikana, mwite.

Anza na hesabu. Mbuzi wa kilo 30 akiwa hai hutoa kilo 13 hadi 15 za nyama na mifupa. Damu ni lita moja na ziada, na tumbo na yaliyomo ni kilo kadhaa. Kwa huyo mmoja weka tayari makarai mawili, ndoo ya mchanga mkavu, madumu mawili ya maji ya lita 20, visu viwili (kimoja kirefu cha shingo, kingine kifupi cha kuchunia), tupa ya kunolea, kamba ya kutundikia, vipande vinne vya uzi wa katani vya urefu wa mkono, vitambaa safi na kilo moja ya chumvi. Watu husahau uzi, nao ndio unaookoa nyama.

Chakula mkatie tangu jana yake jioni, maji usimkatie. Tumbo lililojaa majani hujivimbisha na kuja lenyewe kwenye ncha ya kisu. Mbuzi aliyekunywa hutoka damu vizuri na ngozi yake haing'ang'anii. Kisu kinolewe mbali na macho yake.

Kuchinja kwenyewe hakuhitaji maneno mengi. Kwetu Lamu kibla ni karibu kaskazini kabisa. Mlaze ubavu wa kushoto, shingo iwe juu ya karai lenye mchanga, kata koo la pumzi, umio (njia ya chakula) na mishipa miwili ya damu kwa mkono mmoja usiositasita. Kisha ngoja. Usivunje shingo, usikate kichwa, usianze kuchuna miguu huku bado inarusha. Gusa mboni ya jicho kwa ncha ya kidole: kope likicheza, hajafa. Mwenye haraka hapa huacha damu ndani ya nyama, na nyama yenye damu haikai.

Sasa fundo la kwanza, nalo ndilo wengi wasilolijua. Umio umeshakatwa na uko wazi. Ukimtundika kichwa chini, uji wa kijani wa tumboni utashuka na kutokea pale pale shingoni, halafu utaona watu wanaosha shingo kwa ndoo tatu za maji na harufu haitoki. Kabla ya kumnyanyua, ingiza vidole shingoni. Koo la pumzi ni gumu, lina pete pete za gegedu. Umio ni bomba laini la nyama lililojificha nyuma yake. Litenganishe urefu wa vidole vinne, kaza uzi, funga fundo mbili.

Boriti za nyumba za zamani usiziamini kwa macho. Mkoko ulioliwa na mchwa unaonekana mzima mpaka uzito uje. Jining'inize mwenyewe kwanza, au simamisha miti mitatu uifunge kileleni. Ukutani usipigilie msumari. Lipu ya chokaa ya mji huu ikibanduka hairudi ilivyokuwa. Kamba ipite katikati ya mfupa na kano ya kisigino cha mguu wa nyuma, si juu yake.

Kuchuna, kisu kifanye kazi kidogo na ngumi ifanye nyingi. Chana ngozi ukitokea ndani kwenda nje, makali yakitazama juu, kwa sababu manyoya na mchanga hufubaza kisu kwa mikato michache tu. Zunguka visigino, teremka kwa ndani ya paja hadi kinenani, halafu sukuma ngumi kati ya ngozi na nyama. Mkono mmoja ni wa manyoya, mwingine ni wa nyama, na haibadilishwi. Akiwa beberu, usiache sharti hili hata kidogo: harufu yake iko kwenye ndevu, nyuma ya pembe na kwenye miguu anayojikojolea, na inahama na vidole hadi kwenye pilau. Kupuliza kwa mdomo ili ngozi ijae hewa tuache. Ni pumzi ya mtu, na inaingia ndani ya nyama.

Fundo la pili ni nyuma. Kata duara kuzunguka njia ya haja, vuta utumbo utoke kama urefu wa kidole, funga uzi, rudisha ndani. Sasa tumbo limezibwa juu na chini.

Toboa kinenani tundu dogo. Ingiza vidole viwili vya mkono wa kushoto, vitanue mfano wa panda, kisu kiwe katikati yake na makali yaelekee kwako, teremka taratibu hadi kidarini. Vidole vinasukuma tumbo nyuma, kisu hakilioni. Kibofu kibane shingoni kabla hujakikata. Uzito wenyewe utashusha matumbo, wewe yapokee kwa mkono yasianguke kwa kishindo. Ini lipo hapo juu ya karai, na nyongo imelilalia, kijifuko cha kijani kibichi. Usiichomoe kwa kucha. Ikate pamoja na kipande cha ini kama ukucha, uvitupe vyote. Ikipasuka, mwaga maji hapo hapo na kata palipoguswa.

Kinyesi kikidondokea nyama, usikioshe. Maji hukisambaza hadi mahali ambapo hakikufika. Kata kipande hicho, tupa, futa kwa kitambaa kikavu. Mzoga mzima pia hauoshwi. Nyama yenye maji juu yake huvunda mapema.

Kabla ya kugawa, soma viungo. Ini zuri lina rangi moja na kingo kali. Lililovimba kingo zikawa butu, au lenye madoa meupe, weka kando. Mapafu huwa ya waridi na mepesi, hayashikamani na mbavu. Yakiwa yameganda ubavuni, mbuzi alikuwa na homa ya mapafu. Malengelenge yenye maji safi kwenye ini au pafu ni vifuko vya mabuu ya tegu wa mbwa, kwa hiyo yachomwe au yazikwe ndani, mbwa asiyafikie. Mafuta ya njano kama manjano ni dalili mbaya. Ukiona usichokielewa, acha, ita daktari wa mifugo. Na mbuzi anayechinjwa kwa kuwahiwa asife, au aliyekutwa amekufa damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani, huyo hapasuliwi hata kidogo. Huenda ni kimeta, na kimeta hufunguliwa kwa kisu.

Msimu wa mvua kubwa vaa glavu. Homa ya Bonde la Ufa iliyozuka Garissa mwishoni mwa 2006 ilipita kwenye damu ya mifugo kwenda kwa wachinjaji, na mbuzi wengi wanaofika Lamu hutoka upande huo huo.

Kukata vipande, shoka ni adui. Huacha vijifupa mchuzini. Mkono wa mbele haujaungwa na mwili kwa mfupa, upapase chini ya bega na kisu kitapita kwenye nyama tu. Paja lina kiungo cha duara nyongani, lipinde mpaka kifunguke, ukate ukano.

Joto letu halina huruma. Tandaza vipande kivulini kwenye upepo, juu ya majani ya mgomba, vikiwa havigusani, vifunikwe kwa chandarua. Kama huna friji, anza kupika kabla ya muda wa saa nne kupita tangu kuchinja. Kama unayo, nyama ipoe, ilale kwenye baridi usiku kucha, ndipo uigandishe. Ukiitia kwenye barafu ikiwa bado ya moto, misuli hujikunja na utatafuna mpira. Ya kugawa iende kwa vikapu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2017, na kabla ya hapo pia ilikuwa inapika nyama njiani.

Damu na vya tumboni havimwagwi mtaroni. Mitaro yetu iko wazi na jirani yako ana pua. Mchanga uliofyonza damu pamoja na samadi ya tumboni vizikwe shambani kina cha mita moja, mbali na kisima, punda mmoja anatosha kubeba. Sakafu ioshwe kwa maji baridi kwanza. Ya moto hupika damu ikabaki doa kwenye chokaa. Ngozi nayo isisubiri: itandaze, ikwangue mafuta, ipake chumvi upande wa nyama, kama theluthi ya uzito wake, ndani ya saa nne. Ya mbuzi wa udhiya, yule wa Idi, haiuzwi, na mchinjaji halipwi kwayo. Mpe fedha zake.