Breki za kujifunga hazikufunga: nani alipe?

Pole sana ndugu yangu, na Mungu amponye huyo kijana wa boda boda. Unauliza kama aliyekuuzia gari ndiye alipe, maana alikuahidi linafunga breki lenyewe, na pale Bweyogerere halikufunga, ukamgonga.

Kwa sheria ya Uganda dereva ni wewe, hata kama gari lina akili kiasi gani. Machi 2018 huko Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lililokuwa likijiendesha lilimuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara na baiskeli yake. Kampuni haikushtakiwa kwa jinai. Aliyehukumiwa, mwaka 2023, ni dereva wa usalama, yaani mtu aliyekaa kwenye usukani ili kulisimamia gari. Binafsi naona mzigo ule haukugawanywa kwa haki.

Sasa wewe, usimruhusu fundi afute kumbukumbu za kompyuta ya gari. Piga picha ile kamera ndogo iliyo juu ya kioo cha mbele, ndiyo jicho la breki hizo. Yangu niliwahi kuikuta imefunikwa vumbi jekundu, na tahadhari zote zilikuwa zimezima. Mwombe mkaguzi wa magari wa polisi aandike hali yake kwenye ripoti.

Bima wape taarifa leo. Ile stika ya thadi pati inahusu majeraha ya mtu, pikipiki yake haimo.

Meseji za muuzaji zitunze, wakili ndiye atakayesema kama zinatosha kumdai. Nenda hospitali ukamjulie hali kijana, ila usitie sahihi karatasi yoyote na jamaa zake kabla hujamwona wakili.