Taa za Krismasi za London: usimsubiri mwenyeji akupeleke

Juzi nimepata ujumbe wa binti wa kwetu Tanga aliyefika London Septemba kusoma. "Shikamoo dada. Krismasi hii nitakuwa peke yangu. Nasikia mjini wanapamba sana. Niende wapi, na niwe na shilingi ngapi?"

Marahaba mdogo wangu. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu nikiwa mapumzikoni kazini, na mara ya tatu machozi yakanilenga. Mwaka 2019 nilikuwa na swali hilo hilo na sikuwa na wa kumuuliza. Nakujibu hapa hadharani, ili na ninyi mnaojiandaa kuja, ambao najua ni wengi, msome kabla hamjapanda ndege.

Mwaka ule nilikuwa na miezi minne tu nchini. Nilifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee kusini mwa London na nilipanga chumba Camberwell. Desemba yote nilipangiwa usiku. Asubuhi narudi kulala, jioni narudi kazini, na taa za mjini nazisikia tu kwa wenzangu. Kuna mwenzetu mmoja, mtu wa nyumbani kabisa, aliniahidi kwamba tarehe 25 tutakula kwake kaskazini mwa jiji, kisha jioni atanizungusha nizione. Nikaomba siku hiyo nisiwe kazini. Usiku wa kuamkia sikukuu nikapika pilau ya nyama, bizari nimeitwanga mwenyewe, nikaijaza kwenye hotpoti na kuifunga kwa kanga isipoe njiani.

Saa sita mchana nikawa kituoni. Nikakaa na hotpoti mapajani. Dakika kumi, ishirini, arobaini. Barabara ile siku zote mabasi mekundu yanafuatana, lakini siku hiyo njiwa walikuwa wanatembea katikati ya lami bila wasiwasi. Mzee mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa wake akasimama, akanitazama, akaniambia kwa upole kwamba leo hakuna basi wala treni. Ndivyo ilivyo, na hakuna aliyekuwa ameniambia: tarehe 25 Desemba London nzima mabasi yanalala, treni za chini ya ardhi zinalala, mpaka kesho yake.

Nikampigia mwenyeji wangu. Simu ikaita hadi ikakata. Nilipiga mara saba. Hakupokea, hakupiga, na hadi leo hajaniambia kulikuwa na nini. Nimemsamehe. Kusahau ndiko sijaweza.

Sikutaka kurudi chumbani. Nikashika njia kwa miguu, Walworth Road, Elephant and Castle, nikavuka mto kwa daraja la Westminster, hotpoti naihamisha mkono huu kwenda mkono ule, mpaka Trafalgar Square. Mwendo wa kama saa moja na nusu. Pale uwanjani nikaukuta mti. Kila mwaka tangu 1947 watu wa jiji la Oslo wanauleta mti huo kutoka misitu yao, msprusi, mti wa jamii ya misonobari, wa zaidi ya mita 20, wanausafirisha kwa meli, kuwashukuru Waingereza kwa vita vya pili vya dunia, pale mfalme wao Haakon wa Saba na serikali yake walipokimbilia London mwaka 1940 nchi yao ilipovamiwa na Wajerumani. Taa zake wanazifunga kwa mtindo wa Norway, mistari iliyonyooka kutoka juu hadi chini, nyeupe tupu. Hauna madoido. Wako wanaousema kwamba umekonda. Mimi niliuona mzuri, kwa sababu ulikuwa zawadi ya mtu aliyekumbuka wema aliotendewa, na mimi siku hiyo nilikuwa nimesahauliwa.

Nikaketi kwenye ngazi, nikafungua hotpoti, pilau bado ina joto. Nikala kwa mkono. Saa kumi kasoro giza likaingia na taa za mti zikaonekana vizuri. Regent Street, mtaa wenye taa nilizotaka kuziona, iko hatua chache tu kutoka pale, lakini miguu ilikataa na safari ya kurudi ilikuwa bado inanisubiri. Kwa hiyo nilizikosa. Mwaka uliofuata ukawa wa korona, na uliofuata huo nilikuwa kazini sikukuu zote.

Basi mwaka 2023 mama akaja. Habari ya viza nitaiandika siku yake, ni ndefu na haina raha. Tiketi nilimkatia mimi, kwa pesa ya jasho langu, na nasema hivyo bila kuona haya kwa sababu mama huyu aliuza vitumbua miaka kumi na minane ili nisome. Nikajisemea, huyu hatapelekwa na mtu. Nitampeleka mimi.

Tulitoka Jumanne, wiki ya pili ya Desemba. Jumanne kwa makusudi: Jumamosi Oxford Street watu wanabanana hadi huwezi kusimama ukatazama. Saa tisa na nusu alasiri tulikuwa tumeshafika Oxford Circus, pale Oxford Street inapokutana na Regent Street, bado kuna mwanga kidogo, ili mama aone mchana unavyoondoka na taa zinavyoushinda. Desemba hapa jua linazama kabla ya saa kumi. Hilo wageni wengi hawalijui. Wanasubiri "usiku" na kutoka saa mbili, wakati baridi imeshakomaa.

Tukaingia Regent Street. Malaika wa taa wametandaza mabawa juu ya barabara, upande mmoja hadi wa pili, mmoja nyuma ya mwingine, na kwa kuwa mtaa ule umepinda kule chini, huoni mwisho wao. Mama akanishika mkono kama alivyokuwa akinishika tukivuka barabara pale Chumbageni, akasimama katikati ya njia ya watu. Mtandio umemteleza, hakuurudisha. Nikadhani atasema ni pazuri. Akauliza, "Wamewatundikaje?" Nikamwonyesha nyaya zilizokazwa kwenye kuta za majengo pande zote mbili. Akazifuata kwa macho, waya mmoja baada ya mwingine, mpaka aliporidhika. Ndipo akasema, "Haya. Kazi ya mikono ya watu hii."

Na kweli ni kazi ya watu. Taa za mtaa huo zilianza mwaka 1954, mwaka ule ule Waingereza walipoachana na mgao wa chakula uliobaki tangu vita. Wenye maduka walichanga wakaung'arisha mji uliokuwa umechoka. Oxford Street ikafuata mwaka 1959. Kutazama hakulipiwi, mdogo wangu. Shilingi zako zibaki mfukoni.

Tulishuka taratibu hadi Piccadilly, tukatazama duka la Fortnum & Mason ambalo madirisha yake yanageuzwa kalenda ya kuhesabu siku za Desemba, tukamalizia kwenye mti wangu. Kwaya ilikuwa inaimba chini yake. Baridi ilipozidi tukashuka chini ya kanisa la St Martin-in-the-Fields, kuna mgahawa ndani ya mahandaki ya matofali, mama akanywa chai na kukaa kimya kwa muda mrefu.

Sasa nikuambie ya kwako. Vaa viatu vyenye soli nene, kwa sababu baridi ya huku inapanda kutoka chini. Beba chai yako kwenye chupa. Nenda katikati ya wiki, nenda mapema. Usiingie madukani: ukiingia utaanza kujilinganisha na walioshika mifuko, na jioni yako itaharibika. Ukichoka panda basi namba 12 pale Regent Street, ghorofa ya juu, kiti cha mbele kabisa. Unagusa kadi ya benki, nauli mwaka 2023 ilikuwa pauni 1.75, na ndani ya saa moja unabadilisha mabasi bila kulipa tena. Pesa taslimu hawapokei tangu 2014.

Zaidi ya yote, usimsubiri mtu. Nasema na wewe na nasema na vijana wote mliokuja huku mkakaa vyumbani mkingoja fulani awatoe. Fulani ana shughuli zake. Mji huu ni wako pia, unaulipia kodi, unaosha wazee wake, unasoma vyuo vyake kwa ada kubwa. Nenda. Ukimpata mwenzako mwende wawili, ni bora zaidi, lakini ukimkosa nenda hivyo hivyo. Na ukimwalika mgeni, pokea simu yake. Hata kama umepata dharura, pokea umwambie.

Nimekuandikia anwani yangu kwenye ujumbe. Mwaka huu siingii kazini tarehe 25 na pilau itakuwepo. Ila njoo tarehe 24 jioni mapema, mabasi yakiwa bado yanatembea, uje na nguo za kulalia.