Niandikeje Kuhusu Dini Niliyotoka?

SWALI: Shikamoo shangazi. Nimelelewa katika nyumba ya Kikristo. Baba ni mzee wa kanisa, nami niliimba kwaya tangu utotoni. Miaka 4 iliyopita nilisilimu kwa hiari yangu, baada ya kusoma na kuuliza kwa muda mrefu. Naandika makala za dini na utamaduni, na ya mwisho ilihusu malezi yangu ya kanisani. Mama aliisoma akaniambia, "Kumbe miaka yote ile ulikuwa unatucheka." Sijawahi kuwacheka. Wenzangu msikitini nao wanalalamika kwamba nimewasifu mno wa kule. Je, niache kuandika? Na nikiandika, nitumie jina lipi, la zamani au jipya?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiache kuandika. Ila makala hiyo irudie, uisome kama mama yako alivyoisoma.

Nami nimepita njia hiyo, nikielekea upande wa pili. Nilizaliwa katika nyumba ya Kiislamu, nikasoma chuoni hadi nikahitimu msahafu, nikabatizwa nikiwa na miaka 31. Mwaka uleule niliandika makala nikasema nimetoka katika dini ya woga. Kaka yangu aliikunjua ile karatasi mezani, akaweka kidole juu ya neno hilo, akaniuliza: "Woga huu uliuona kwa nani? Bibi alikutisha lini?"

Sikuwa na jibu. Bibi alikuwa na mswala wa mkeka uliolika mahali pawili tu, pa magoti na pa paji la uso. Hapo pa paji palikuwa pameingia weusi wa kung'aa. Alfajiri nilizinduliwa na mlio wa magoti yake akiinama, kisha nikalala tena kwa raha kwa kuwa nilijua kuna mtu yuko macho ananiombea. Uislamu nilioujua mimi ndio huo. Ule woga niliuokota katika mahubiri ya watu ambao hawakuwahi kulala chumbani kwa bibi, nikauandika kana kwamba ni kumbukumbu yangu. Bibi alikuwa amekwisha fariki, nami mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo pitia makala yako mstari kwa mstari, na kila penye sifa au lawama jiulize: hili nililiona, au nimelisikia tangu nihame? Ulilosikia baadaye litoe, hata kama ni kweli.

Jipe muda pia. Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, alibatizwa mwaka 387, na kitabu chake cha maungamo akaanza kukiandika karibu miaka 10 baadaye. John Henry Newman alitoka Kanisa la Kianglikana akaingia Katoliki mwaka 1845. Alipoieleza safari hiyo kitabuni ilikuwa 1864. Muhammad Asad, aliyezaliwa Myahudi kwa jina la Leopold Weiss, alisilimu mwaka 1926 na simulizi yake ikatoka 1954. Sikuambii ungoje miaka 28. Lakini miaka 4 bado ni michache, jeraha halijafunga, na mwenye jeraha huandika akijitetea. Mama yako nadhani alisikia kujitetea huko akadhani ni kucheka.

Angalia na maneno. Kiswahili kina maneno ya kuhama dini ambayo tayari yamekwisha kuhukumu: kuokoka, kuongoka, kuritadi, kuasi. Ukiandika "nilipoongoka," umeshamwambia mama yako kuwa yeye bado amepotea. Andika "nilisilimu," inatosha. Kisha tazama tunayoyatumia sote, kanisani na msikitini: dhambi, toba, sadaka, malaika, nabii, imani. Hata sala ni ileile, ingawa wengine huiandika swala. Mtu aliyeishi nyumba zote mbili anajua neno toba linavyotamkwa huku na kule, na nani huwa analia likitamkwa. Hayo ndiyo ya kuandika, maana aliyekaa upande mmoja maisha yake yote hawezi kuyajua.

Usichanganye dini na desturi. Jambo unalotaka kuliita la Kikristo, muulize Mkristo wa kabila au nchi nyingine. Akishangaa, hiyo ni desturi ya kwenu, liite hivyo. Kwa Waislamu fanya vivyo hivyo.

Wenzako msikitini wape muda. Kama ulichosifu ulikiona kweli, usikifute.

Jina sitakuchagulia. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ibara ya 18, linataja waziwazi uhuru wa kubadili dini, lakini kuna mahali ambapo uhuru huo haumlindi mtu. Kama kwako kuna hatari, tumia jina la kalamu bila kuona haya. Kama hakuna, tia lolote kati ya mawili, ila usilitaje lile la kwanza kana kwamba ni la marehemu. Wazazi wako ndio waliokupa.

Makala ijayo iwe ya kwaya. Ni nani aliyekupanga sauti ya tatu, kitabu cha nyimbo kilichanika ukurasa gani, baba alikaa benchi lipi ulipoimba peke yako mara ya kwanza. Kabla haijachapwa, kaa na mama umsomee. Atakapokukatiza kusema "haikuwa hivyo," acha kusoma, chukua kalamu, uandike anavyokumbuka yeye.