Zulia la plastiki au niru?

Ndugu, kwa kuwa umehamia nyumba ikiwa na jamvi tupu (zege la sakafu lisilomaliziwa) na unauliza kama upige niru, yaani saruji laini ya kumalizia sakafu, au utandike zulia la plastiki hadi fedha za vigae zipatikane, ningechagua zulia, kwani niru laini italazimika kudonolewa kwa patasi ili vigae vishike, na hapo utakuwa umemlipa fundi mara mbili. Kwanza, hata hivyo, bandika kipande cha nailoni sakafuni kwa solotepu pande zote, ukiache hadi kesho yake. Ukikuta matone chini yake, zege bado lina unyevu na zulia litaota ukungu. Zege likishakauka, fagia mchanga wote, maana kokoto moja chini ya mguu wa kitanda hutoboa plastiki, kisha utandike bila gundi. Bafuni ndiko pekee ningekubali niru.