"Put" na mikia yake: kwa wanaopokea wageni Kigoma

Ziwa limechafuka, boti ya Gombe haijaondoka Kibirizi, na mgeni anauliza: "Has the trip been put off?" Kijana wa boti, aliyezoea kusema "put off" akimaanisha kuzima, anajibu kwamba injini iko sawa, haijazimwa. Mgeni alikuwa anauliza kama safari imeahirishwa.

Kiswahili hubadili maana mwishoni mwa kitenzi: funga, fungua, fungia, fungana. Kiingereza mara nyingi hukiacha kitenzi kilivyo, kikakifungia neno dogo nyuma. Tuliite mkia. Ukitafsiri "put" kuwa "weka" kila unapoikuta, mkia utakuumbua. Kitenzi na mkia wake vishike kama neno moja.

"Put off" ni kuahirisha. Ikifuatwa na kitenzi kingine, hicho huchukua "-ing": "We put off leaving", si "put off to leave". Pia ni kumkatisha mtu hamu. Mgeni aliyepita penye dagaa walioanikwa akisema "The smell put me off", hakuna alichoahirisha. Hamu ya kula ndiyo imemtoka. Ama kuzima taa, huku kwetu "put off the light" inaeleweka, lakini Mwingereza au Mmarekani atasita. Kosa hili lina chanzo chake: kuwasha taa waweza kabisa kusema "put the light on", basi watu wakadhani kinyume chake ni "put off". Shika hivi: chenye swichi, yaani taa, redio au jenereta, ni "turn off" au "switch off", chenye mwali au kaa, yaani moto wa kuni, mshumaa au sigara, ni "put out".

"Put on" ina mtego mwingine, na huu unatoka kwenye Kiswahili chenyewe. Sisi tukisema "amevaa" tumemaliza. Kiingereza hutenga tendo na hali. Wageni wakikaribia sokwe wa Mahale huvaa barakoa, kwa kuwa sokwe huambukizwa mafua ya binadamu. Barakoa zikiwa bado mkononi, agizo ni "Put on your masks." Zikishakaa usoni ni "They are wearing masks." Ukisema "They are putting on masks", msikilizaji anaona watu ndiyo kwanza wanahangaika na kamba masikioni. Vivyo hivyo kwa majaketi ya kuokolea ndani ya boti.

Hapo hapo kuna suala la mpangilio. "Put on the mask" ni sahihi, na "Put the mask on" ni sahihi. Lakini ukitumia kiwakilishi, "it" au "them", lazima kikae katikati: "Put it on." "Put on it" ni kosa. Isikusumbue, Kiswahili nacho hukiingiza kiwakilishi ndani ya kitenzi: umeuzima moto, ile "u" ya pili imekaa katikati.

"Put up with" ndiyo isiyokubali kukatwa. Ina mikia miwili, maana yake kuvumilia, na kiwakilishi hukaa mwisho: "put up with the noise", "put up with it". Ondoa "with" na maana inahama kabisa. Mgeni akikuuliza "Can you put me up for two nights?" anaomba malazi ya siku mbili. Mtajie chumba na bei.

Mapokezi utasikia "Put me through to the manager": niunganishe na meneja. "Put away" ni kurudisha kitu mahali pake. "Put down" ni kuweka chini, au kumdhalilisha mtu. Ila "put the dog down" ni kumuua mbwa kwa dawa, kwa hiyo angalia unamwambia nani. Na usichanganye nahau mbili za mguu: "put your foot down" ni kushikilia msimamo, "put your foot in it" ni kuropoka jambo la aibu.

Umbo halibadiliki: "put" jana, "put" leo. Hakuna "putted". "He puts" ni sasa; "he put", bila "s", ni wakati uliopita. Usitamke "puti", na nguvu ya sauti uipeleke kwenye mkia: put it OUT.

Kukariri orodha ya mikia thelathini ni kazi bure. Chukua mitatu kwa wiki, kila mmoja ukurasa wake kwenye daftari, na sentensi tatu za kazi yako mwenyewe: jina la kitu mwishoni, jina katikati, kisha kiwakilishi. Zisome kwa sauti unapofanya tendo lenyewe, kwa mfano usiku ukizima jiko la mkaa: Put out the fire. Put the fire out. Put it out.