Udongo wa Kauri Hausubiri: Kutia Nakshi kwa Wakati Wake

Mtu aliyezoea udongo mwekundu wa vyungu akishika udongo wa kauri kwa mara ya kwanza hudhani ameuziwa kitu kibovu. Hauna mnato wa kutosha, unakauka huku ukiutazama, na una kinyongo: ukiupinda ukingo wa sahani kisha ukaunyoosha kwa mkono, utaona umetii, lakini tanuri likishapanda moto ukingo unarudi kule kule ulikoupinda. Ndiyo tabia yake. Ni kaolini, yaani udongo mweupe, pamoja na feldispa na kwatzi, madini ya mawe yaliyosagwa laini sana, bila zile chembe nene zinazokipa chungu uvumilivu.

Kwa hiyo ukitaka kujifunza nakshi za kauri, usianze kwa kukusanya michoro. Anza kwa kujua unyevu. Kila hali ya udongo ina nakshi yake, na ukiikosa saa yake, basi, subiri chombo kingine.

Ukiwa bado mbichi na laini, kazi yake ni kubonyezwa. Hapa sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kuagiza mihuri ya plastiki. Mkeka wa ukindu, gunzi la mahindi, kamba iliyosokotwa, jani la mpapai lenye mishipa minene, vyote vinatosha. Wafinyanzi wa nchi za Maziwa Makuu wamebiringisha kamba kwenye vyungu vyao tangu zamani, na kauri inapokea alama hiyo vizuri kuliko unavyofikiri. Sukuma udongo uwe bamba, nyunyiza wanga kidogo, tandika mkeka juu, kisha pitisha kifimbo cha kusukumia chapati mara moja kwa nguvu moja. Ukirudia, alama zinapandana. Fanya hivyo kabla hujalikunja bamba kuwa kikombe. Ukibonyeza ukuta uliokwisha simama unaupinda, na kile kinyongo nilichokitaja kitakuja kukudai. Bonyeza kwa kina kuliko macho yako yanavyotaka, kwa sababu glezi, ule mpako unaoyeyuka tanurini ukawa kama kioo, hujaza mashimo. Lesi nyembamba inayopendeza kwenye udongo mbichi inaweza kupotea kabisa chini ya glezi nzito.

Halafu inakuja hali ya ngozi, udongo ukiwa kama sabuni ya mche: kisu kinaingia bila kubomoa na ukuta haulegei. Kama una muda wa kujifunza hali moja tu, jifunze hii. Mimi ufundi huu niliupata Jingdezhen, katika mkoa wa Jiangxi nchini China, mji uliopewa jina la enzi ya mfalme mwaka 1004 na ambao bado unaishi kwa kauri. Kuna mkato wa kule unaoitwa bandaoni. Kisu kinalazwa upande, hivyo mfereji unakuwa na ukingo mmoja wa kina na mwingine unaopanda taratibu hadi kuisha. Sasa glezi angavu yenye ubuluu kidogo ikiyeyuka hutuama upande wa kina na kuwa nyepesi upande wa pili. Ua moja linapata kivuli na mwanga bila tone la rangi. Vyombo vya namna hiyo vilitengenezwa pale zama za watawala wa Song, kati ya 960 na 1279, na hadi leo sijaona nakshi inayoutendea haki weupe wa kauri kuliko hiyo.

Mambo mawili hapa. Acha ukuta uwe mnene pale utakapochonga. Pia ujue kwamba ule ubuluu hutoka kwenye chuma kidogo kilichomo katika glezi, kikichomwa kwa moto wa gesi au kuni ulionyimwa hewa. Tanuri la umeme halikupi hivyo. Glezi ile ile hutoka na umanjano. Mwenye umeme atie rangi kidogo sana kwenye glezi yake angavu, wala asione haya.

Huna nauli ya China? Nenda Ngome ya Yesu, Mombasa, au makumbusho ya Gedi, uangalie vyombo na vigae vya China vilivyopatikana katika pwani yetu. Wengi hukimbilia vile vya buluu na vyeupe. Wewe tafuta vile vya kijani vya Longquan, eneo jingine la wafinyanzi huko China, uone jinsi petali za yungiyungi zilivyochongwa chini ya glezi.

Udongo ukikauka kabisa, kisu weka mbali. Kuna njia ninayoipenda: chora kwa shelaki, ile ya kupakia fanicha, iache ikauke, kisha futa kwa sponji yenye maji. Palipopakwa panabaki, pasipopakwa panaliwa taratibu, na mchoro unainuka. Usifute kwa pupa, maana maji yanaingia ndani na ukuta unaanguka. Futa, pumzisha, futa tena. Shelaki yenyewe itaungua tanurini.

Uchoraji wa kobalti, madini yanayotoa rangi ya buluu, kule Jingdezhen hufanywa juu ya chombo kikavu ambacho hakijachomwa, kisha kinatiwa glezi na kuchomwa mara moja tu. Anayeanza asiige. Choma kwanza kwenye nyuzi 1000 hivi, ndipo uchore, maana chombo kikavu huvunjika kwa kushikwa vibaya tu. Kobalti kabla ya moto ni nyeusi au kijivu, kwa hiyo macho hayakusaidii kupima. Ipake nyepesi. Ikiwa nzito hutoka nyeusi yenye mng'ao wa chuma.

Kuhusu vumbi sina mzaha: usipige msasa chombo kikavu, na usifagie karakana. Vumbi hili lina silika inayoharibu mapafu, na mapafu hayo hayaponi. Lainisha kwa sponji, futa meza kwa kitambaa chenye maji.

Nasikia mara nyingi kwamba Pugu, karibu na Dar es Salaam, kuna udongo wa kauri. Pugu kuna kaolini, na ni nyingi, lakini bila feldispa na kwatzi haiwi kauri. Ukinunua udongo uliochanganywa tayari, uliza unaiva kwenye nyuzi ngapi. Mwingi huhitaji 1260 hadi 1300, na si kila tanuri linafika huko. Uliza pia unasinyaa kiasi gani. Asilimia 12 hadi 15 ni kawaida, kwa hiyo kikombe cha sentimita 10 kinaweza kutoka na 8.5, na nakshi zako nazo zinasinyaa vilevile.

Tengeneza vigae vidogo vya majaribio, kimoja kwa kila kina cha alama na kila unene wa glezi. Maelezo yaandike nyuma kwa kobalti na brashi nyembamba, si kwa penseli, kwani penseli huungua.