Majina Yako Matatu Kwenye Tiketi

Mdogo wangu alipandia basi stendi ya Makambako, asubuhi, akielekea Mbeya. Alikuwa na mfuko wa vifaa vya useremala na kondakta alikuwa na haraka, kwa hiyo kwenye tiketi akaandikiwa neno moja tu: Fundi. Kabla ya saa nne basi lile liligongana na lori, na lile neno moja likatutesa siku mbili nzima.

Nawaandikia ndugu zangu mnaopita barabara hii yetu, kuanzia Kitonga mpaka Tunduma.

Simu yake iliita mara tatu, halafu ikazimwa. Kati ya waliowahi kufika kwenye ajali, wapo waliovuta majeruhi kwenye vyuma kwa mikono mitupu, Mungu awabariki. Wapo pia waliopekua mifuko. Hospitali ya kwanza tulikuta majina yamebandikwa ukutani. Tuliyasoma mara nne, lake halimo, tukashukuru. Chini kabisa paliandikwa "wanaume wasiofahamika, 3", na hakuna kati yetu aliyetaka kuutazama mstari ule. Usiku mama akagoma kulala. Alisema kama hayumo basi yu hai, labda aliteremka Igawa. Kesho yake jioni mhudumu wa mochwari akatuuliza kwa upole, alivaa nini? Sweta la kijani, mama alilifuma mwenyewe kwa ajili ya baridi ya kwetu. Ndivyo tulivyompata.

Kwa hiyo, ukikata tiketi, taja majina yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho chako cha NIDA, na usiondoke dirishani mpaka umeyasoma. Namba ya simu iwe yako. Wapiga debe wengi hujaza za kwao ili mambo yaende haraka. Ukipandia njiani, dai tiketi hata kama unashuka kituo kinachofuata. Halafu andika kwenye kipande cha karatasi jina lako na namba za ndugu wawili, ukiweke kwenye mfuko wa nguo uliyovaa. Kisikae kwenye begi, maana begi huenda chini ya basi. Simu yenye nywila haimsaidii askari wala nesi.

Kuhusu mwendo nitasema machache. Kisheria basi halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Dereva akianza kuovateki kwenye kona au mteremko, abiria semeni kwa pamoja, maana mmoja akisema peke yake huambiwa ashuke. Machi 11, 2015, pale Changarawe, Mafinga, basi lililotoka Mbeya liligongana na lori la kontena na watu zaidi ya 40 wakafa. Mpaka leo nikipita pale nashindwa kuongea.

Lililotuumiza zaidi lilikuja baada ya mazishi. Matanga hayajaanuliwa, akaja mtu aliyetumwa na mwenye basi, ameleta rambirambi ya shilingi laki tano na karatasi. Baba mdogo akasaini kwa heshima ya mgeni. Ndani yake kulikuwa na sentensi kwamba familia haitakuwa na madai mengine, na karatasi hiyo ilitolewa mbele yetu tulipoanza kudai fidia. Rambirambi pokeeni, lakini msisaini chochote msibani. Mwambieni mgeni aiache karatasi, mtaisoma watoto wakishalala.

Madai yenyewe yanataka subira. Gari la abiria lazima liwe na bima inayowahusu watu wengine, na ukiwa na namba ya usajili mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, utakuonyesha ni kampuni ipi. Andikeni namba za magari yote mawili. Kama umenusurika, hata kwa kuchubuka tu, hakikisha una PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, kwa sababu mgongo huanza kuuma baada ya wiki. Kama mmefiwa, fanyeni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari, mtafute cheti cha kifo RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kisha mliyempendekeza aombe usimamizi wa mirathi Mahakama ya Mwanzo. Polisi waombeni ripoti ya ajali na ramani yake, na kesi ya dereva ikiisha, nakala ya hukumu. Watakuja vishoka watakaoahidi kuwafuatilia kwa nusu ya malipo. Sisi tulikaribia kukubali, kwa uchovu. Mbeya ipo ofisi ya TIRA ya kanda, na huko tulielekezwa bila kulipa senti.

Juzi mama alikuwa anakwenda Tukuyu kwa dada. Nilimsindikiza stendi. Alipotaja majina yake matatu kondakta akamwuliza, "Mama, yote hayo ya nini?"

"Andika, baba," akasema. Akasubiri mpaka la tatu.